Betri mbili na altaneta isiyo na kosa: kisa cha gari jipya lililogoma kila Jumatatu

Usuli

Gari lenyewe ni dogo, la petroli, injini ya cc 1,500. Lilinunuliwa jipya kabisa kwa wakala wa Dar es Salaam kwa mkopo wa benki, likaletwa Dodoma juu ya lori. Jina la mwenye gari, aina ya gari, wakala, benki na mafundi waliolishika kabla ya gereji yetu nimeviondoa vyote. Vipimo na mfuatano wa mambo nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa sababu humo ndimo mna somo.

Mwenye gari ni mama mtumishi wa umma anayeishi Nzuguni na kufanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Safari yake ni kama dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Jumamosi na Jumapili gari hukaa getini, familia ikitumia gari la baba. Msomaji aishike ratiba hiyo, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki.

Baada ya gari kutoka kiwandani, vitu viwili viliongezwa. Cha kwanza ni traka, kifaa cha kufuatilia mahali gari lilipo, ambayo benki iliitaka kama sharti la mkopo na ikafungwa kabla ya makabidhiano. Cha pili ni kamera ya dashibodi, ya mbele na nyuma, aliyoinunua mwenyewe na kufungiwa na kijana wa vifaa vya urembo wa magari. Kamera hiyo ina uwezo wa kurekodi hata gari likiwa limezimwa, na huo ndio uliomvutia.

Gari pia lina mfumo wa kuzima injini lenyewe likisimama kwenye taa au foleni, kisha kuiwasha dereva anapoachia breki. Magari ya namna hiyo hayatumii betri ya kawaida. Hutumia EFB, betri ya asidi iliyoimarishwa ili ivumilie kutoa na kuingiza chaji mara nyingi, au AGM, ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo. Hili lilikuwa na EFB ya ampea-saa 60, yaani kipimo cha umeme ambao betri huweza kubeba.

Mambo yalivyofuatana

Jumatatu ya pili baada ya kamera kufungwa, gari liligoma kuwaka. Taa za dashibodi ziliwaka kwa unyonge, stata ikatoa mlio wa tik-tik-tik bila kuzungusha injini. Jirani alibusti kwa waya, gari likawaka, lakini dashibodi ikajaa alama za onyo: usukani, breki, mfumo wa kuzuia kuteleza. Mama akaogopa kwamba gari lote limeharibika. Alama hizo hazikuwa ugonjwa mwingine. Volti zikishuka mno wakati wa kuwasha, kompyuta ndogo ndogo za gari hukosa umeme wa kutosha na kila moja huandika hitilafu yake. Nyingi hujifuta baada ya mwendo mfupi.

Fundi wa kwanza alifika na multimita. Alipima betri injini ikiwa inanguruma, akapata volti 12.9. Hukumu yake ikawa ile ambayo mafundi wengi wangeitoa: altaneta, mtambo unaozungushwa na injini ili kuchaji betri, haichaji, ibadilishwe. Alitaka pia kuthibitisha kwa kufungua kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, aone kama itazima. Mama alikataa yote mawili, akisema gari lina waranti na yeye hataki liguswe ovyo.

Kukataa huko kuliokoa pesa nyingi. Kipimo cha kufungua betri kilivumilika kwenye Land Rover za kabureta ambazo hazikuwa na kompyuta ya kuungua. Kwenye gari la leo, altaneta inayochaji ikikatiwa betri ghafla, volti hupanda kwa kufumba na kufumbua na zinaweza kupita 40. Kompyuta moja ikiungua, bei yake huzidi ya altaneta na betri zikiwekwa pamoja. Nawaomba mafundi wenzangu kwa dhati tuache kipimo hiki.

Wakala alipopigiwa simu alishauri gari liendeshwe safari ndefu. Mama akaenda Morogoro na kurudi, na wiki iliyofuata gari likawa zima. Jumatatu nyingine likagoma tena. Safari hii alichoka, akanunua betri ya kawaida dukani, ya ampea-saa 55, akaambiwa tatizo limekwisha. Betri mpya nayo ilimwangusha Jumatatu, kabla haijamaliza mwezi. Hapo ndipo gari lilipoletwa kwetu, limevutwa kwa kamba.

Kilichoonekana gereji

Kabla ya kufungua boneti nilimuuliza maswali. Moja ndilo lililonipa mwelekeo.

“Mama, ile injini kujizima kwenye taa bado inafanya?”

“Ilikuwa inafanya siku za mwanzo, fundi. Halafu ikaacha yenyewe. Mimi nikashukuru, maana ilikuwa inanishtua.”

Mfumo huo ukiacha kufanya kazi kwenye gari jipya, mara nyingi ni gari linatangaza kwamba haliiamini betri kuiwasha tena injini. Kompyuta haikubali kuzima injini isipokuwa na uhakika wa kuiwasha tena. Kwa hiyo dalili ya kwanza ilitangulia kugoma, na haikuwa na alama yoyote nyekundu ya kumshtua mtu.

Betri ilikuwa na volti 11.9 ikiwa imepumzika, injini imezimwa tangu jana yake. Kwa betri ya asidi ya volti 12, iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ya 12.4 imebaki na kama robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 kushuka chini ni ya kuhesabiwa kuwa imekwisha. Tuliitoa, tukaichaji polepole usiku kucha, tukaiacha ipumzike, ndipo tukaipima kwa mashine ya kupima afya ya betri. Kupima afya ya betri yenye njaa ni kuionea: itaonekana mbovu hata kama ni nzima. Hii ilikuwa imedhoofika, ila haijafa.

Zamu ya altaneta. Injini iliwashwa, tukapata yale yale ya fundi wa kwanza, volti 12.9. Tukawasha taa kubwa, feni ya kiyoyozi kwa nguvu zote, na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma. Volti zikapanda hadi 14.2 na kutulia hapo. Altaneta ilikuwa nzima. Kwenye magari mengi mapya, altaneta haichaji kwa volti moja muda wote kama zamani. Kompyuta ndiyo huipangia: ikiona betri imeshiba huishusha ili injini isibebe mzigo bure na mafuta yapungue, na dereva akiachia mafuta mteremkoni huipandisha ili kuvuna umeme kutokana na mwendo wa gari. Kwa hiyo 12.9 peke yake haisemi kwamba altaneta imekufa. Inasema kompyuta imeamua betri haihitaji chakula. Swali likabadilika: kwa nini kompyuta iliamini hivyo hata betri ilipokuwa na njaa?

Skana, kifaa cha kusoma kompyuta za gari, ilitupa jibu la nusu. Kwenye kumbukumbu za kompyuta, chaji ya betri ilikadiriwa kuwa asilimia 86. Betri ile ile iliyofika na volti 11.9.

Waya mwembamba mweusi

Kompyuta huijua hali ya betri kupitia sensa ndogo iliyoshikana na kichwa cha hasi. Umeme wote unaotoka na kurudi kupitia bodi ya gari hupita humo, nayo huhesabu kila kinachoingia na kinachotoka.

Tulipoanza kupima umeme unaonyonywa gari likiwa limezimwa, tulifuata utaratibu ambao hauruhusu haraka. Boneti ilifunguliwa, kisha kitasa chake kikafungwa kwa bisibisi ili gari liamini boneti imefungwa. Milango ikafungwa, na ufunguo ukapelekwa mbali, ofisini, kwa sababu gari la ufunguo wa rimoti huamka linapouhisi upo karibu. Kisha tukasubiri. Kompyuta za gari huchukua kuanzia dakika 20 hadi saa nzima kulala zote, na anayepima kabla ya hapo hupima gari lililo macho.

Kijana anayejifunza kwetu aliweka mita ya klampu, inayokumbatia waya na kupima umeme unaopita, kwenye waya mnene wa hasi, ule wa kwenda kwenye bodi. Ikasoma ampea 0.02. Kiasi hicho ni cha kawaida, kwani mpaka 0.05 gari hukubalika. Akasema gari halina kosa, na kwa waya ule alikuwa sahihi. Nilimwambia aiache klampu mahali pale pale na asiondoe macho. Muda ulipita, mita ikaruka hadi ampea 2 na ushee, ikakaa hapo kama dakika moja, ikarudi 0.02. Baada ya kama nusu saa ikaruka tena. Kitu fulani kilikuwa kinaliamsha gari kila mara.

Wakati wa kusubiri, macho yakaangukia kwenye kichwa chenyewe cha betri. Kwenye boliti yake, juu ya sensa, palikuwa na waya mwembamba mweusi wenye kishikio cha duara, uliofungwa vizuri na kuzungushiwa utepe. Tuliuwekea klampu peke yake: ampea 0.31, mfululizo, bila kushuka.

Tuliufuata. Ulikuwa umebeba eathi, yaani njia ya kurudishia umeme, ya vitu viwili, kamera na traka. Kamera ndiyo iliyokuwa inakula karibu yote, traka kidogo kilichobaki. Kwa kuwa waya ulifungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, umeme huo haukupita kwenye sensa hata kidogo. Kompyuta ilikuwa kama mwenye duka anayehesabu mauzo ya mlango wa mbele huku mali ikitolewa kwa mlango wa nyuma.

Na ule mruko wa kila nusu saa? Traka ilikuwa imegusishwa pia kwenye nyaya za data za gari, na kila ilipotuma taarifa ya mahali gari lilipo, iliamsha kompyuta kadhaa. Hapa ndipo makosa mawili yalipooana. Sensa za aina hii hujisahihisha: gari likilala kwa saa kadhaa bila kusumbuliwa, husoma volti za betri iliyopumzika na kurekebisha hesabu yake. Gari hili halikuwahi kulala saa hizo. Kwa hiyo eathi iliyofungwa vibaya ilificha wizi, na traka ilizuia hesabu isikaguliwe.

Tukipiga hesabu, wastani wa unyonyaji ulikuwa kama ampea 0.4. Kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60, yaani ampea-saa 24 kutoka kwenye betri ya 60. Katika siku za kazi, ampea-saa zaidi ya 9 zilipotea kila siku, na nusu saa ya barabarani, altaneta ikiwa imepunguzwa, ilirudisha kidogo sana. Kuwasha injini kwenyewe si mzigo: ampea 200 kwa sekunde moja ni chini ya ampea-saa 0.1. Wanaodhani betri huishia kwenye stata wanatafuta mahali pasipo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutogusa traka. Ni mali inayosimamiwa na mkopeshaji, na kuikata kungemletea mama matatizo ya mkataba. Tulimshauri awaandikie benki, nao wakamtuma fundi wao. Alikuja, akaondoa ile miguso kwenye nyaya za data, akabakisha waya wa moto, eathi na waya wa kujua kama swichi imewashwa.

Eathi za traka na kamera zilihamishiwa kwenye boliti ya bodi, upande ambao sensa inaona. Kazi hii haikuhitaji dakika nyingi wala kifaa chochote cha maana, na ndiyo iliyotibu.

Kuhusu kamera tulijadiliana. Mama aliipenda kwa usalama, na nyumba ina mlinzi wa usiku tu. Kamera ilikuwa na kizuizi cha kujizima betri ikishuka, lakini kilikuwa kimewekwa volti 11.6, kiwango ambacho betri imeshamalizika. Tulikipandisha hadi 12.3, na kurekodi gari likiwa limeegeshwa kukazimwa nyumbani na kuachwa kazini tu. Kama angetaka kurekodi wikiendi nzima, njia sahihi ingekuwa kuipa kamera betri yake yenyewe.

Betri tulichagua EFB nyingine ya ukubwa wa asili, ingawa ile ya kawaida ilikuwa bado na uhai. Sababu ni mbili: betri ya kawaida haidumu kwenye mfumo wa kuzima na kuwasha, na waranti ya gari inataja aina hiyo. Baada ya kuifunga tuliiarifu kompyuta kwa skana kwamba betri imebadilishwa, ili ianze hesabu upya.

Kazi yote tuliiandika, pamoja na picha za ule waya kabla na baada, tukampa mama nakala moja ya kupeleka kwa wakala.

Matokeo

Unyonyaji ulishuka hadi ampea 0.03 na kubaki hapo, bila miruko. Tulimwomba mama apitie kwetu Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Betri ilisoma 12.6 baada ya dakika chache za taa kubwa kuwashwa na kuzimwa ili kuondoa chaji ya juujuu. Injini ilianza tena kujizima yenyewe kwenye taa. Gari halijagoma kuwaka tangu hapo.

Wakala alikataa kulipia betri ya kwanza, akisema vifaa vilivyoongezwa havikuidhinishwa. Traka ilifungwa kabla ya makabidhiano na mama hoja hiyo aliitoa, lakini kamera ilikuwa yake, na hapo ndipo mazungumzo yalipokwama. Gharama ya betri mbili ilimkalia yeye. Ile ya kawaida amempa mdogo wake mwenye pikapu ya zamani, ambako inafaa.

Uchambuzi

Kilichookoa gari hili zaidi ya mita yoyote ni mama kukataa altaneta ibadilishwe kwa kipimo kimoja. Fundi wa kwanza hakusoma vibaya, 12.9 ilikuwa 12.9. Alichokosa ni kuuliza namba ile ilitokea katika hali gani. Altaneta ya kompyuta hupimwa kwa kupakiwa mzigo na kuangaliwa inavyojibu, na ikibidi kwa kusoma kwenye skana kompyuta imeagiza volti ngapi. Aliyezoea kwamba chini ya 13.5 ni altaneta mbovu atabadilisha nyingi zilizo nzima.

Ushauri wa safari ndefu ulikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana uliwapoteza watu. Safari ya Morogoro iliijaza betri kiasi, dalili zikajificha wiki nzima, kila mtu akaridhika. Tiba inayofanya kazi kwa muda humfanya mgonjwa achelewe hospitali.

Kubadilisha betri bila kupima unyonyaji ndilo kosa la gharama kubwa katika kisa hiki, na ni la kawaida sana mjini kwetu. Muuza betri hana sababu ya kukuuliza kama gari linalala. Ratiba ya Jumatatu ilikuwa inasema wazi kwamba umeme unapotea gari likiwa limesimama, kwa sababu altaneta mbovu haichagui siku. Ingemwangusha hata Jumatano jioni.

Joto la Dodoma nalo lilichangia. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, gari linaloegeshwa juani mchana kutwa huwa na boneti ya moto kweli, na betri katika joto hujimaliza yenyewe kwa kasi zaidi na kuzeeka mapema. Betri iliyoachwa tupu katika hali hiyo huota ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na ukoko ukishagandamana hauondoki wote kwa kuchaji. Uharibifu wa Novemba mara nyingi huonekana Julai, asubuhi ya baridi na upepo, na mwenye gari hulaumu baridi.

Kwa wanaofunga vifaa: eathi ya kitu chochote cha nyongeza ifungwe kwenye bodi, kamwe si kwenye kichwa cha hasi chenye sensa. Hata klampu ya hasi ya kubusti ishikwe kwenye chuma cha bodi au injini. Aliyefunga kamera hii alifunga kwa unadhifu, utepe na yote, na kwenye gari la miaka ya nyuma asingekuwa na kosa.

Lililobaki bila jibu ni hali ya betri ya kwanza. Tuliipima ilipoletwa kutoka stoo ya nyumbani: baada ya kuchajiwa polepole ilifika 12.5 tu, na nguvu yake ya kuwashia ilikuwa mbali chini ya iliyoandikwa kwenye lebo. Gari jipya husafiri baharini kwa wiki nyingi, kisha hukaa yadi, na betri isipochajiwa humo huweza kufika kwa mteja ikiwa imeshaumia. Je, ilikufa kwa kamera au ilikuja ikiwa mgonjwa? Hakuna anayeweza kusema, kwa sababu karatasi ya makabidhiano ilikuwa na nafasi ya tairi la akiba, jeki na mikeka, na haikuwa na mstari wa volti za betri. Mama angekuwa na namba hiyo, mabishano ya waranti yangekwenda vingine. Sasa mteja akituambia anakwenda Dar kuchukua gari jipya, tunamwazima mita ndogo na kumwonyesha pa kugusisha: kabla gari halijawashwa, mbele ya mkabidhi, namba iandikwe na isainiwe. Ikisoma chini ya 12.4, aombe betri ichajiwe na kupimwa afya kabla ya kupokea funguo.